Shahada ya Taaluma Mtambuka Nchini Marekani: Deni Lake na Mshahara Wake

Miongoni mwa shahada za kwanza zinazotolewa na vyuo vikuu vya Marekani, iko moja ambayo jina lake halimwambii msikilizaji mhitimu amesomea nini hasa. Huitwa shahada ya taaluma mtambuka, kwa maana kwamba mwanafunzi hafungwi ndani ya idara moja kama vile historia, kemia au uhasibu, bali huchukua kozi kutoka idara mbili, tatu au zaidi na kuziunganisha katika mpango mmoja wa masomo, ambao mara nyingine umepangwa na chuo na mara nyingine umebuniwa na mwanafunzi mwenyewe kwa idhini ya mshauri wake. Kila mwaka wahitimu zaidi ya 40,000, kati ya karibu milioni 2 wanaotunukiwa shahada ya kwanza nchini humo, huhesabiwa katika kundi hili, na swali linaloulizwa na wazazi wao, kama linavyoulizwa na wazazi kokote kunakosomwa kwa mkopo, ni iwapo mshahara utakaopatikana utatosha kulipa deni. Jibu linalozoeleka ni kwamba shahada hii hailipi. Jibu hilo lina ukweli wake wa juujuu. Lakini anayefuatilia namba zinakotoka hugundua kwamba deni na mshahara hupangwa na nguvu mbili zisizohusiana, na kwamba jina lililoandikwa kwenye cheti lina sauti ndogo mno katika zote mbili.

Jambo la kwanza la kufahamu ni namna shahada zinavyohesabiwa. Kituo cha taifa cha takwimu za elimu cha Marekani kilitunga mwaka 1980 orodha ya misimbo ya programu za masomo, ambayo imerekebishwa mara kadhaa hadi toleo la mwaka 2020, na kila programu ya kila chuo hupewa msimbo wa tarakimu sita ambao tarakimu zake mbili za mwanzo huonyesha kundi kubwa. Elimu ya ualimu iko kundi la 13, uhandisi kundi la 14, na taaluma mtambuka kundi la 30. Ndani ya kundi hilo la 30 mna elimu ya uzee, yaani uchunguzi wa maisha ya wazee na mahitaji yao. Mna masomo ya amani na utatuzi wa migogoro, masomo ya Zama za Kati, elimu ya makumbusho, sayansi ya lishe, sayansi ya utambuzi inayochunguza jinsi akili inavyofanya kazi, na tangu mwaka 2020 mna pia sayansi ya data, ambayo wahitimu wake hugombewa na kampuni za teknolojia na benki. Mwishoni kabisa kuna msimbo wa 30.9999, ambao ni kapu la mengineyo, na humo ndimo zinamotumbukizwa programu nyingi zinazoitwa kwa jina la taaluma mtambuka bila maelezo zaidi. Namba moja ya mshahara inapotangazwa kwa kundi lote, basi, mtunza makumbusho na mchambuzi wa data wamewekwa kwenye mizani moja, na uzito unaosomwa si wa yeyote kati yao.

Upande wa deni, historia inaanzia katika jimbo la Texas. Tarehe 8 Novemba 1965, Rais Lyndon Johnson alirudi katika chuo alichosomea ualimu mjini San Marcos, akatia saini Sheria ya Elimu ya Juu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa ruzuku na mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilitolewa na benki kwa dhamana ya serikali, lakini tangu mwaka 2010 mikopo yote mipya ya serikali kuu hutolewa moja kwa moja na Wizara ya Elimu, na jumla ya mikopo yote ya serikali kuu imefikia takriban dola trilioni 1.6 wanazodaiwa watu zaidi ya milioni 40. Namba hiyo inatisha, na magazeti huipenda kwa sababu hiyo hiyo; hata hivyo sehemu yake kubwa ni ya waliosoma shahada za juu kama udaktari na sheria, ambao idadi yao ni ndogo lakini madeni yao ni makubwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza amewekewa kikomo na sheria. Yule anayehesabiwa kuwa bado anategemea wazazi anaruhusiwa kukopa dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kila mwaka unaofuata, asivuke dola 31,000 kwa jumla. Yule anayejitegemea, kwa mfano mtu mzima mwenye familia, anaweza kufika dola 57,500. Anayemaliza kwa miaka 4 na kukopa kila alichoruhusiwa huondoka na deni la dola 27,000.

Kikomo hicho kinaeleza jambo ambalo huwashangaza wasomaji wa takwimu hizi kwa mara ya kwanza, nalo ni kwamba deni la kawaida la mhitimu wa taaluma mtambuka halipishani sana na la mhandisi au la mhasibu. Sheria haiulizi mwanafunzi anasomea nini. Kiwango cha riba pia hakiulizi: tangu mwaka 2013 hupangwa kila mwaka kwa kuongeza asilimia 2.05 juu ya riba ambayo serikali yenyewe hulipa kwenye hati zake za miaka 10, na kwa mikopo ya mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa asilimia 6.53 kwa wanafunzi wote wa shahada ya kwanza. Kinachobadilisha ukubwa wa deni ni mambo mengine: uwezo wa wazazi, miaka ambayo mwanafunzi amekaa chuoni, ruzuku ambayo familia yenye kipato kidogo hupewa bila kuirudisha (kiwango chake cha juu kikiwa dola 7,395 kwa mwaka), na aina ya chuo. Ada ya wastani katika chuo cha umma kwa mkazi wa jimbo ilikuwa takriban dola 11,600 mwaka 2024/25, na katika chuo binafsi kisicho cha faida ilikuwa takriban 43,000. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mkopo wa mwanafunzi peke yake, kwa hiyo hujazwa na akiba ya familia, ufadhili wa chuo, mkopo wa benki, au mkopo ambao serikali humpa mzazi kwa jina la mzazi. Hiyo miwili ya mwisho haimo katika namba ya deni la mwanafunzi inayotangazwa kwa kawaida, na mzazi anayelinganisha vyuo kwa kutazama namba hiyo pekee hulinganisha sehemu tu ya gharama.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha mahali ambapo tofauti hujitokeza. Deni la dola 27,000 kwa riba ya asilimia 6.53, likilipwa kwa utaratibu wa kawaida wa miaka 10, hudai marejesho ya takriban dola 307 kila mwezi, bila kuhesabu riba inayojilimbikiza wakati mwanafunzi bado yuko masomoni. Kwa mhitimu anayelipwa dola 80,000 kwa mwaka kabla ya kodi, marejesho hayo ni chini ya asilimia 5 ya mshahara. Kwa anayelipwa dola 40,000 ni zaidi ya asilimia 9, na hapo bado hajalipa kodi ya nyumba wala bima ya afya. Wawili hao wana deni moja, lakini maisha wanayoishi nalo ni mawili.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona hapa tofauti na utaratibu anaoujua. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutazama pamoja na uhitaji wa mwombaji kile anachokwenda kusomea, kwa kuwa fani zinazohesabiwa kuwa za kipaumbele kwa taifa hupewa nafasi ya mbele. Kisha mnufaika akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo makato hupanda na kushuka pamoja na mshahara. Serikali ya Marekani hufanya kinyume katika hatua zote mbili. Hukopesha bila kubagua fani, jambo linalompa mwanafunzi uhuru ambao wenzake wa Dodoma au Mwanza hawana, kisha katika utaratibu wake wa kawaida hudai kiasi kile kile kwa mwalimu na kwa mhandisi. Uhuru wa kuchagua umewekwa mwanzoni, na bei yake hudaiwa mwishoni.

Mishahara, kwa hiyo, ndiyo inayobeba hadithi. Takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani kwa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba mfanyakazi wa muda wote mwenye umri wa miaka 25 au zaidi na shahada ya kwanza alipata dola 1,543 kwa wiki, ilhali aliyeishia sekondari alipata dola 930. Namba hizo ni mediani, yaani mshahara wa mtu anayesimama katikati kabisa ya mstari endapo wafanyakazi wote wangepangwa kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, na hutumiwa badala ya wastani wa kawaida kwa sababu matajiri wachache hawawezi kuipandisha. Shahada kwa ujumla bado ina faida, kwa hiyo. Lakini ndani ya jumla hiyo fani hutofautiana sana, na katika orodha ya vijana waliohitimu karibuni inayochapishwa na Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, taaluma mtambuka huangukia chini ya mediani ya fani zote na mbali kabisa na uhandisi wa kompyuta. Orodha hiyo hiyo huonyesha pia kwamba takriban 4 kati ya kila wahitimu 10 wapya, wa fani zote, hufanya kazi ambazo kwa kawaida hazihitaji shahada, kwa hiyo si haki kuilaumu fani moja kwa tatizo lililoenea sokoni.

Chombo kinachotumiwa zaidi na familia zinazochagua chuo ni tovuti ya Wizara ya Elimu iitwayo College Scorecard, iliyozinduliwa katika sura yake ya sasa mwaka 2015 na kuanza kutoa namba za programu moja moja mwaka 2019. Mishahara yake haitokani na madodoso ambayo wahitimu waliofanikiwa huyajaza kwa furaha na wengine huyatupa, bali hutokana na kumbukumbu za kodi, na hilo ni jambo la kuaminika. Hata hivyo humo wamo tu wanafunzi waliopata mkopo au ruzuku ya serikali kuu, kwa sababu sheria ya mwaka 2008 iliikataza serikali kutunga daftari la taifa linalomfuatilia kila mwanafunzi. Waliorudi chuoni kusoma zaidi wakati wa kupimwa huondolewa, na programu yenye wahitimu wachache hufichwa ili mtu asitambulike. Masharti hayo yote huigusa taaluma mtambuka kwa nguvu zaidi kuliko fani nyingine, maana programu zake nyingi ni ndogo, na zile zinazochanganya biolojia na saikolojia huwapeleka wengi katika masomo ya juu ya afya.

Mfano ulio bora kuliko yote wa jinsi jina linavyopotosha ni Texas. Mwaka 1987 bunge la jimbo hilo, likiamini kwamba walimu walikuwa wakifundishwa mbinu za kufundisha kuliko kile watakachofundisha, lilifuta shahada ya kwanza ya ualimu na kuweka kikomo cha kozi za ualimu ambazo mwanafunzi angeweza kuchukua. Kila mwalimu mtarajiwa alipaswa kusomea taaluma halisi. Kwa mwalimu wa sekondari hilo lilikuwa rahisi, kwa kuwa angesomea hisabati au historia na kuifundisha. Lakini mwalimu wa shule ya msingi hufundisha kusoma, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii siku moja katika darasa moja, na hakuna idara yenye vyote hivyo. Vyuo vikapata njia: vikaunda shahada ya taaluma mtambuka inayokusanya masomo yote ya shule ya msingi, na katika vyuo kama Texas A&M na University of North Texas shahada hiyo ikawa njia kuu ya kuingia ualimu wa watoto. California ilikuwa imeshapita barabara inayofanana tangu miaka ya 1960 na 1970, ingawa yenyewe ilichagua jina la masomo huria.

Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi wahitimu wa taaluma mtambuka wa Texas hawakuwa vijana waliokosa mwelekeo, kama dhana ya mitaani inavyodai, bali walikuwa walimu wa darasa la pili na la tatu. Mshahara wao haukupangwa na soko wala na jina la shahada. Ulipangwa na jedwali la mishahara la wilaya ya shule, juu ya kiwango cha chini cha jimbo ambacho sheria ya mwaka 2019 ilikiweka dola 33,660 kwa mwalimu anayeanza, huku wilaya kubwa za mijini zikilipa zaidi ya hapo kwa mbali. Jedwali la namna hiyo lina umbo linalojulikana na kila mtumishi wa umma. Mwanzo wake si mbaya, kwa kuwa mwalimu hupata kazi mara moja na mwaka wa kwanza humpita mhitimu wa sanaa anayehangaika na vibarua. Baadaye nyongeza ni ndogo na za polepole, hivyo baada ya miaka 10 wenzake wa biashara wamemwacha nyuma. Kipimo cha mwaka mmoja baada ya kuhitimu humpendelea mwalimu, na cha miaka 10 humwonea.

Deni la mwalimu nalo halibaki kama linavyosomeka kwenye jedwali. Sheria ya mwaka 2007 inamfutia mtumishi wa serikali, wa shule ya umma au wa shirika lisilo la faida salio la mkopo wake baada ya malipo 120 ya kila mwezi yanayokubalika, na mpango mwingine humpunguzia mwalimu wa shule zenye wanafunzi maskini hadi dola 5,000, au hadi dola 17,500 kwa baadhi ya masomo yenye uhaba, akimaliza miaka 5 mfululizo. Ni kweli kwamba mipango hii imejaa fomu na kwamba miaka ya mwanzo waombaji wengi mno walikataliwa, lakini ipo. Mhitimu wa msimbo ule ule aliyeajiriwa na duka la nguo hana lolote kati ya hayo. Kisha mwaka 2019 bunge la Texas likabadili nia na kuruhusu tena shahada ya ualimu, na chuo kinachorudisha jina hilo huwahamisha walimu wake watarajiwa kutoka kundi la 30 kwenda kundi la 13, ingawa madarasa, wahadhiri na kazi wanazokwenda kuzifanya ni zile zile. Anayelinganisha mishahara ya taaluma mtambuka ya mwaka 2015 na ya mwaka 2030 bila kujua habari hii ataandika hitimisho la ajabu.

Kundi la pili kubwa ni la watu wazima wanaorudi kumaliza. Marekani ina watu zaidi ya milioni 36 walio chini ya umri wa miaka 65 ambao waliwahi kuingia chuoni wakaondoka bila cheti chochote, wengi wao wakiwa na krediti, yaani vipimo vya kozi walizofaulu, zilizotawanyika katika vyuo viwili au vitatu: kozi kadhaa za uuguzi, nyingine za biashara, nyingine za saikolojia. Idara ya kawaida haiwezi kuzipokea krediti hizo zote, kwa kuwa kila idara ina mfuatano wake wa lazima, lakini shahada ya taaluma mtambuka inaweza. Kwa mtazamo wa mkopaji jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa, maana tafiti za mikopo ya Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaoshindwa kulipa si wenye madeni makubwa zaidi; ni wenye madeni madogo waliokatiza masomo, wanaodaiwa dola elfu chache bila kuwa na shahada ya kuwasaidia kuzipata. Na deni hilo haliondoki kirahisi hata mtu akitangazwa muflisi mahakamani. Shahada isiyo na jina la kuvutia inayomtoa mtu katika hali hiyo haiwezi kupimwa kwa kumlinganisha na mhandisi wa umri wa miaka 22. Mlinganisho wake wa haki ni mtu yule yule kama asingemaliza.

Lipo pia kundi ambalo vyuo havipendi kulitangaza. Katika vyuo vikubwa vya umma, fani zinazotafutwa sana kama uuguzi, biashara na sayansi ya kompyuta huwa na mlango wa pili: mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa chuoni hulazimika, mwishoni mwa mwaka wa kwanza au wa pili, kufikisha alama fulani ndipo aingie idarani. Anayekosa alama hizo akiwa amekwisha kutumia nusu ya haki yake ya kukopa huelekezwa kwenye programu inayoweza kumhitimisha kwa wakati, na mara nyingi programu hiyo ni ya taaluma mtambuka. Mshahara wake wa baadaye utahesabiwa kuwa matokeo ya fani iliyompokea, ingawa sababu yake huenda ilitangulia, katika hesabu alizofundishwa sekondari au katika kazi ya usiku aliyokuwa akiifanya ili alipe kodi ya chumba. Takwimu za mishahara huonyesha wanakoishia watu. Hazionyeshi kwamba fani ndiyo iliyowafikisha huko.

Ncha ya pili ya kundi hili la 30 haifanani na hayo hata kidogo. Chuo kikuu cha Stanford kilianzisha mwaka 1986 programu inayounganisha falsafa, isimu, saikolojia na sayansi ya kompyuta, na miongoni mwa waliopita humo ni Reid Hoffman, mmoja wa waanzilishi wa LinkedIn, Marissa Mayer aliyekuwa mkuu wa Yahoo, na Mike Krieger, mmoja wa waanzilishi wa Instagram. Programu hiyo ni ya taaluma mtambuka kwa maana kamili ya neno. Tofauti yake na ile ya kapu la mengineyo ni kwamba mchanganyiko wake unajulikana na waajiri, una kozi ngumu za lazima zinazofuatana, na unamwachia mhitimu stadi moja inayouzika peke yake, yaani uwezo wa kuandika programu za kompyuta. Tena anayeingia Stanford ameshachujwa vikali kabla ya kufika. Sayansi ya data inafuata mkondo huo huo. Kuna sababu ya kuamini kwamba waajiri hawaichukii taaluma mtambuka kama wazo. Wanachokosa katika programu nyingi ni njia ya kujua mtu aliyeketi mbele yao anaweza kufanya nini.

Kwa familia za Waswahili na wasema Kiswahili, habari hizi zinagusa watu wa aina mbili, na sheria inawatenganisha kabisa. Wakimbizi wa Kongo waliopelekwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania, na ambao leo wanaishi katika majimbo kama Texas na Kentucky, wana haki ya ruzuku na mikopo ya serikali kuu sawa na raia, kwa hiyo yote yaliyoelezwa hapo juu yanawahusu neno kwa neno. Mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya masomo hana haki hiyo. Hakopeshwi na serikali kuu, mshahara wake haumo katika namba za College Scorecard, na kwake msimbo wa tarakimu sita una kazi nyingine yenye uzito mkubwa. Viza yake humruhusu kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, lakini fani iliyomo katika orodha rasmi ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa miezi 24, na orodha hiyo hutazama msimbo. Sayansi ya data na sayansi ya utambuzi zimo. Kapu la mengineyo halimo. Vyuo vinalijua hili vizuri, na baadhi, kikiwemo Yale, viliwahi kubadili msimbo wa shahada zao za uchumi ili ziingie katika orodha. Mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuuliza msimbo kabla ya kulipa ada anaweza kujikuta amepoteza miaka miwili ya kazi kwa sababu ya tarakimu nne za mwisho.

Utaratibu wote huu unabadilika kutokana na sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025. Kwa mikopo mipya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa mzazi umewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Mwenye deni la kati ya dola 25,000 na 50,000 atalipa kwa miaka 15 katika utaratibu wa kawaida, kwa hiyo zile dola 27,000 zitadai takriban dola 236 kwa mwezi badala ya 307, lakini hadi mwisho atakuwa amelipa zaidi ya dola 42,000 badala ya karibu 37,000. Anayeona hilo ni zito anaweza kuchagua mpango unaofuata kipato, ambao hutoza kuanzia asilimia 1 hadi 10 ya mapato na kufuta kinachobaki baada ya miaka 30. Mwenye mapato ya dola 40,000 atalipa asilimia 3, yaani dola 100 kwa mwezi, kabla ya punguzo la watoto. Kwa hatua hiyo Marekani imesogea kidogo kuelekea mahali Tanzania ilipo, pa kumdai mtu kwa kadiri ya anachopata.

Sheria hiyo hiyo inaweka pia mtihani kwa programu zenyewe. Programu ya shahada ya kwanza ambayo mediani ya mapato ya wahitimu wake, miaka 4 baada ya kuhitimu, iko chini ya mediani ya wafanyakazi wa umri wa miaka 25 hadi 34 walioishia sekondari katika jimbo husika, ikishindwa hivyo miaka 2 kati ya 3, itapoteza haki ya kuwapatia wanafunzi wake mikopo ya serikali kuu. Mlinganisho huo ni mwepesi kwa programu nyingi, na huenda mwepesi zaidi kwa zile za watu wazima, ambako mhitimu wa umri wa miaka 45 aliyekuwa msimamizi wa ghala kabla ya kurudi chuoni na akabaki msimamizi wa ghala baada ya kuhitimu ataifaulisha programu kwa mshahara ambao haukuongezwa na shahada hata senti. Programu ndogo ya vijana wanaohitimu wakiwa na miaka 22, ambao baadhi yao wanafanya kazi za muda wakisubiri nafasi, inaweza kuanguka katika mtihani ule ule hata kama imewafundisha vizuri zaidi.

Vyuo, kwa upande wao, vina njia ya kujibu ambayo haihitaji kubadili hata kozi moja. Matokeo yatapimwa programu kwa programu, na programu hutambuliwa kwa msimbo ambao chuo chenyewe ndicho kinachotangulia kuuchagua. Programu yenye mishahara midogo inaweza kuunganishwa na yenye mishahara mikubwa chini ya jina moja pana, na hakuna jina pana kuliko taaluma mtambuka.